Umepata C, Unataka Uwakili

Msikilizaji wa Soweto West, umepata C tupu kwenye KCSE na bado unautaka uwakili? Kwenda moja kwa moja kusomea shahada ya sheria kunahitaji C+ na angalau B katika Kiingereza au Kiswahili. Naam, Kiswahili hicho hicho mnachokidharau darasani! Ukikosa, anza na diploma ya sheria, ufaulu vizuri, ndipo uombe shahada. Kabla ya kulipa karo, hakikisha chuo kina leseni ya Baraza la Elimu ya Sheria. Tena ulizia mapema masharti ya Shule ya Sheria kule Karen, wanakonolewa mawakili: wapo waliofika na shahada mkononi, wakakataliwa kwa alama za sekondari, wakaishia kortini.