Kababu za Mdogo Wako

Najua wengi wenu wa Mbagala, Tandika na Manzese mkitoka shule mnaachiwa mdogo wenu, mama yuko sokoni. Unamkorogea uji mweupe, anashiba, analala. Tumbo limejaa, lakini damu na misuli je? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha watoto 30 kati ya 100 wa chini ya miaka 5 wamedumaa.

Basi jaribu kababu. Nawa mikono. Chukua robo kilo ya nyama ya kusaga, au maini yaliyokatwakatwa. Yana madini ya chuma ya kuongeza damu. Changanya na kiazi kilichopondwa, karoti iliyokwaruzwa na yai. Pilipili usitie. Finyanga ndogondogo, zitokose katika mchuzi wa nyanya dakika 20, mpaka wekundu wa ndani uishe.

Mtoto wa miezi 6 hadi 12 mpondee na mchuzi. Aliyevuka mwaka mkatie vipande vidogo laini, akae kitako nawe ukimwangalia: kababu nzima inaweza kumkaba. Kunyonya kuendelee hadi miaka 2 au zaidi.

Nyama ghali? Dagaa waliosagwa wanafaa.

Na nyie kaka zangu, msicheke. Leo jioni nani anapika?