Soseji Iive Hadi Kiini

 

Hapa Mara hakuna mpishi asiyejua kumkagua samaki. Sato akiletwa kutoka ziwani, mpishi humtazama macho, akafunua matamvua, akaamua. Soseji haina macho wala matamvua. Nyama yake imesagwa, na hapo ndipo penye hatari: vijidudu ambavyo katika pande la nyama hukaa juu, katika nyama ya kusaga huchanganyika hadi ndani. Kwa hiyo soseji iliyogeuka kahawia nje huku kiini kikiwa vuguvugu haijaiva.

Madhara yake si hadithi. Mwaka 2017 na 2018, Afrika Kusini ilikumbwa na mlipuko wa ugonjwa wa listeria uliotokana na poloni, ndugu wa soseji. Waliothibitika kuugua walizidi 1,000, na zaidi ya 200 walifariki. Walioathirika zaidi ni watoto wachanga. Kijidudu hicho huongezeka hata ndani ya jokofu, lakini hufa kwa moto wa kutosha. Mama mjamzito, mtoto mdogo na mzee wasile soseji ya baridi.

Tuanzie dukani. Soma jina la mzalishaji, tarehe ya mwisho wa matumizi na maelekezo ya kuhifadhi. Chagua pakiti isiyotoboka, iliyo baridi kweli. Pakiti iliyojaa barafu ndani huenda iliyeyuka ikagandishwa tena.

Nyumbani, iyeyushe ndani ya jokofu usiku kucha, si juani. Kama ina ganda la plastiki, limenye. Panga soseji kikaangoni bila kuzibananisha, tia maji yafikie nusu ya unene wake, funika, uziache zichemke kwa moto wa wastani kwa dakika 10 hivi, ukizigeuza. Kisha funua, maji yakauke kabisa, ndipo utie mafuta kidogo na kuzikaanga. Mafuta yakikutana na maji yatakurukia.

Kata moja iliyo nene katikati: mvuke utoke. Rangi peke yake isikudanganye, kwa kuwa baadhi ya soseji hutiwa chumvi ya kuhifadhi nyama inayoziacha nyekundu hata zikiiva. Mwenye kipimajoto ahakikishe kiini kimefika nyuzi 71 za Selsiasi. Ya kuku, nyuzi 74.

Umeme ukikatika, usifungue jokofu. Likibaki limefungwa, hutunza baridi kwa takriban saa 4. Baada ya hapo, soseji zilizopata joto zitupwe, na zilizopikwa zisikae mezani zaidi ya saa 2. Najua kutupa chakula ulichokinunua kwa jasho kunauma. Lakini baadhi ya vijidudu huacha sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi, na gharama ya kumtibu mtoto hupita bei ya pakiti.

Tangu mwaka 2019, usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Ukiitilia shaka soseji uliyonunua, usiipike wala usiitupe kimyakimya: tunza pakiti na risiti, utoe taarifa. Taarifa yako moja yaweza kumkinga jirani.