Jina Zuri la Biashara Huanza Kwenye Malipo



Uhusiano mwema na umma ukitajwa, wengi hufikiria fulana, redio na vipaza sauti siku ya soko. Hivyo hufanya biashara ijulikane. Kuaminika ni jambo lingine.

Mfano uko karibu. Kampuni ya Sukari ya Mumias ilianzishwa mwaka 1971, ikaanza kusaga miwa 1973, na mwaka 2001 hisa zake zikaingia Soko la Hisa la Nairobi. Jina lake lilijulikana kote nchini. Lakini malipo ya wakulima yalipochelewa, baadhi yao waliuza miwa kwingine, wengine wakaacha kuipanda. Mwaka 2019 iliwekwa chini ya mrasimu kwa sababu ya madeni. Matatizo yake yalikuwa mengi, ila hakuna tangazo ambalo lingemrudisha shambani mkulima asiyelipwa.

Duka la pembejeo, kinu cha unga na gereji hufuata kanuni hiyo hiyo. Anayedaiwa na amwarifu anayemdai mapema, ataje siku ya kulipa na aitimize. Mizani ikae mahali mteja anapoiona. Bidhaa mbovu ibadilishwe bila ugomvi, kwani Ibara ya 46 ya Katiba inampa mteja haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa.

Mteja anayelalamika dukani bado ni mteja. Aliyenyamaza huenda amekwisha kuhamia kwa jirani.