Kompyuta ya Chama na Mfumo Huria: Mazungumzo kwa Makatibu wa Vyama vya Msingi, Tabora



Mwaka 1871 njia ya misafara iendayo Ujiji ilifungwa hapa Unyanyembe. Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa vitani na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, na mizigo haikuweza tena kupita pale ilipozoea kupita. Msafara wa Stanley, uliokuwa ukimtafuta Livingstone, ulikaa Kwihara kwa muda, kisha ukazunguka upande wa kusini, na mwaka huo huo ukafika Ujiji. Njia moja ilipofungwa, mzigo ulipitia nyingine.

Jambo la namna hiyo limezifikia ofisi za ushirika. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza muda wa kawaida wa kuuhudumia mfumo wake uitwao Windows 10. Kompyuta yenye mfumo huo huendelea kuwaka na kufanya kazi, lakini isipoandikishwa katika mpango wa nyongeza ya muda, haipati tena marekebisho ya kuziba matundu ambayo wezi na virusi huingilia. Mfumo uliofuata, Windows 11, nao hudai vifaa vipya. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazikubaliwi. Hivyo Katibu mwenye laptopu nzima hujikuta akiambiwa anunue nyingine, na fedha ya kununulia ni ya mkulima.

Hapana budi kueleza hatari iliyopo. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi rejesta ya wanachama, hisa zao, mikopo ya pembejeo, na kilo na daraja la tumbaku ya kila mkulima vimo ndani ya kompyuta. Virusi vikiyafunga mafaili hayo siku chache kabla ya malipo, mkulima wa Sikonge au Kaliua atadai haki yake kwa ushahidi gani? Tena, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakitaka chama kuzilinda habari za watu zilizomo mikononi mwake.

Wapo wanaotafuta njia ya mkato kwa kuwekewa mjini nakala ya Windows isiyolipiwa. Yafaa jambo hili likemewe. Ni kinyume cha Sheria ya Hakimiliki ya 1999, na mara nyingi nakala hizo ndizo zibebazo virusi. Chama kinachomdai mwanachama awe mwaminifu kwenye mizani hakiwezi kuendesha ofisi yake kwa kitu cha wizi.

Njia ya halali ipo, nayo ni mfumo huria. Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza kazi ya kuunda mfumo ambao kila mtu ataruhusiwa kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kumgawia mwenziwe. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki nchini Finland, akatoa kiini kiitwacho Linux. Kutokana na kazi hizo, na za maelfu ya watu wengine, imepatikana mifumo kama Ubuntu, iliyoanzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na Linux Mint. Mwanaushirika hataona ugeni hapa. Wafumaji wa Rochdale walifungua duka lao mwaka 1844 kwa wazo la kwamba chombo cha kazi kiwe cha wenye kukitumia.

Wala si jambo la ng'ambo peke yake. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia barua na kupiga hesabu, ikiwa kwa Kiswahili. Mrithi wa programu hiyo ya asili leo ni LibreOffice, ambayo hufungua barua na majedwali yaliyotengenezwa kwa programu za Microsoft, ingawa mpangilio wa kurasa huweza kubadilika kidogo.

Chama kikitaka kuhama, kifuate utaratibu huu.

Kwanza, jambo lipelekwe kwenye Bodi na kuandikwa katika muhtasari. Kompyuta ni mali ya chama, si ya Katibu.

Pili, mafaili yote yanakiliwe mara mbili, katika diski ya nje na katika flashi, na nakala moja itunzwe nje ya ofisi. Kisha nakala hizo zifunguliwe katika kompyuta nyingine ili kuthibitisha kwamba zinasomeka. Kuuweka mfumo mpya kwa kufuta wa zamani hufuta kila kilichomo, na majuto hayarudishi rejesta.

Tatu, mfumo ujaribiwe kabla ya kuwekwa. Linux Mint huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta. Mfumo huo huhitaji kumbukumbu ya gigabaiti 2 kwa uchache, na 4 ndizo zinazopendekezwa. Katika jaribio hilo Katibu aone kama printa inachapa, kama intaneti inashika, na kama mfumo wa MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika unafunguka na kupokea taarifa.

Nne, iulizwe kama chama kinatumia programu ya uhasibu iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows pekee. Ikiwa ndivyo, kisihame kwa pupa. Huenda programu hiyo isifanye kazi kabisa. Kama chama kina kompyuta mbili, moja ianze na nyingine ingoje.

Tano, kazi hii isifanywe wakati wa masoko wala wa kufunga hesabu. Afundishwe Katibu pamoja na mtu wa pili, na neno la siri liandikwe, litiwe katika bahasha iliyofungwa, na kuhifadhiwa kwenye kasha la chama. Mtu mmoja akihama au akifariki, ofisi isife naye.

Ndugu Wanaushirika, mfumo huria hauna bei ya leseni, lakini unadai muda wa kujifunza na fundi wa kuaminika. Nao hautamfanya mwizi kuwa mwaminifu, wala hesabu mbovu kuwa nzuri. Mkaguzi afikapo bado atataka stakabadhi, daftari la fedha na muhtasari wenye saini. Manufaa yake ni kwamba kompyuta ambayo wakulima wamekwisha kuilipia itaendelea kuwatumikia kihalali na kwa usalama. Bodi itakayolijadili jambo hili mapema itachagua njia yake ikiwa na rejesta mkononi.