Nani Anastahiki Msaada wa Serikali?



Ndugu zangu katika imani, hapa Uingereza kila zinapotajwa posho za wasiojiweza, watu hugawanyika. Huyu husema mpokeaji ni mvivu; yule husema mgeni amekuja kula jasho la wenyeji. Mwaka 2017 serikali ilipoweka kikomo cha watoto wawili katika posho za familia, wengi waliunga mkono. Maneno hayo sasa twayasikia hata barazani kwetu.

Abu Yusuf, katika Kitab al-Kharaj, amesimulia kwamba Sayyidna Umar, radhi za Allah zimfikie, alimkuta mzee kipofu akiomba mlangoni. Alimuuliza dini yake, akajibiwa ni Myahudi. Akamuuliza lililomfikisha hapo, akajibiwa: jizya, uhitaji na uzee. Umar akampeleka nyumbani kwake, akampa, kisha akamwamuru mwekahazina wa Baitul-Mali amwangalie yeye na walio mfano wake. Aliuliza sababu kabla ya kuhukumu, na tofauti ya dini haikumnyima mzee haki yake.

Suratul-Baqara, aya ya 273, yawataja mafakiri ambao asiyewajua huwadhania matajiri kwa kujizuia kwao. Tunao wazee wa namna hiyo: wanastahiki nyongeza ya pensheni, wala hawajazi fomu kwa kuona haya. Ama afichaye mshahara ili apokee posho, huyo amekhini amana. Lakini dhambi yake asibebeshwe kila fukara.

Basi kabla ya Idi, kila mmoja wetu amwendee mzee mmoja, amsaidie kuidai haki yake.

Wabillahi tawfiq.