Tuupimeje Ugonjwa Mpya?

Ugonjwa mpya ukitangazwa, wengi wetu huuliza swali moja tu: "Umeua wangapi?" Swali hilo ni jema, lakini halitoshi. Mwaka 1976 huko Yambuku, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, Ebola iliwapata watu 318, ikawaua 280. Ukali wa kutisha! Hata hivyo ilizimika, kwa maana mgonjwa wa Ebola haambukizi kabla dalili hazijaonekana, na huambukiza kwa damu na majimaji ya mwili. Korona ya mwaka 2020 iliua sehemu ndogo tu ya walioipata. Lakini ilipita hewani, tena kutoka kwa mtu aliyejiona mzima, ikaua mamilioni.

Basi tuulize pia: unaenea kwa njia gani, na mtu huanza kuambukiza lini? Tena hesabu za siku za kwanza tuzisikilize kwa uangalifu. Wanaohesabiwa kwanza ni wale waliofikishwa hospitali wakiwa mahututi; wenye homa ndogo wamebaki nyumbani, na hakuna aliyewaandika. Jirani akituambia sokoni kwamba nusu ya wagonjwa wamekufa, tumwulize: nusu ya wagonjwa gani?