Vitenzi vya Umeme: Mkondo, Volteji na Ukinzani katika Kiswahili



Wanaohudhuria mihadhara ya Kiswahili wamezoea kusikia habari za ushairi na lahaja. Leo naomba tuzungumzie waya.

Fundi anapoitwa kutazama taa isiyowaka, mara nyingi husema, "Hapa hakuna umeme." Sentensi hii haina kosa la sarufi, nayo inaweza kuua. Tuseme waya wa nyutro umekatika. Saketi haijakamilika, hivyo hakuna mkondo unaopita, na taa imezimika. Lakini kati ya waya wa moto na ardhi volteji ingalipo, volti 230 au karibu na hapo. Anayeugusa waya huo huku amesimama sakafuni huwa yeye ndiye njia, na mkondo ulioshindwa kupita kwenye taa humpitia mwilini. Kwa maana moja ya neno "umeme" fundi amesema kweli. Kwa maana nyingine amejiponza.

Tatizo hili ni la kisemantiki. Umeme ni ule mmweko unaoonekana radi inapopiga, kisha neno likapanuliwa libebe kila kinachotoka kwenye nyaya. Nchini Kenya wengi husema "stima", neno lililotoholewa kutoka Kiingereza, nalo lina upana uleule. Tunasema "umeme ni mdogo leo", "pasi inakula umeme" na "umeme wa LUKU umekwisha", kana kwamba kitu ni kimoja. Umeme mdogo ni volteji iliyoshuka. Umeme wa LUKU huuzwa kwa uniti, na uniti moja ni kilowati-saa moja, yaani kiasi cha nishati. Ama pasi, haili mkondo hata chembe: mkondo unaoingia ni sawa na unaotoka. Kinachogeuzwa kuwa joto ni nishati. Mwanafunzi anayeamini kwamba mkondo hupungua kila upitapo kwenye taa hakupungukiwa akili. Amekifuata kitenzi alichopewa. (Wanaosoma kwa Kiingereza nao hukosea vivyo hivyo, kwa hiyo tusikilaumu Kiswahili peke yake.)

Tangu TUKI ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, ni vigumu kudai kwamba fizikia haina maneno ya Kiswahili. Nomino tunazo. Tulichokiacha nyuma ni maneno yanayoandamana nazo, na hapo ndipo dhana zinapovurugika.

Mkondo hupita. Istilahi hii imetoka majini, na baharia wa mwambao haelezwi maana yake: mkondo una upande unakoelekea na una kiasi. Volteji haipiti. Nimewasikia hata walimu wakisema "volteji inapita kwenye waya", na kila mara nimetamani kuwasahihisha kama nisahihishavyo upatanisho wa ngeli. Volteji huwa kati ya nukta mbili. Ndege hutua juu ya waya mmoja mtupu bila kudhurika kwa kuwa kati ya mguu wake mmoja na mwingine karibu hakuna volteji. Bila "kati ya", sentensi kuhusu volteji haijakamilika. Ukinzani nao, kutokana na kukinza, ni wa kitu: wa waya, wa pasi, wa mwili. Hutegemea urefu wa waya, unene wake, metali yake na joto lake.

Mjerumani Georg Simon Ohm alichapisha mwaka 1827 uhusiano wa vitu hivi vitatu: volteji ni mkondo mara ukinzani. Chukua pasi yenye ukinzani wa omu 46. Kati ya ncha zake ukiweka volti 230, hupita ampea 5. Sasa ipeleke pasi hiyo kwenye nyumba ya mbali, ambako nyaya ndefu na nyembamba zina ukinzani wa omu 4. Jumla ni omu 50, mkondo ni ampea 4.6, na volti 18.4 hupotelea njiani. Pasi hubakiwa na 211.6. Hicho ndicho mwenye nyumba anachokiita umeme mdogo, na sasa tunaweza kumweleza sababu yake kwa maneno ambayo tayari anayajua.

Mjadala wa lugha ya kufundishia sayansi katika sekondari za Tanzania umekuwa mjadala wa orodha: tuna istilahi ngapi, tumepungukiwa na ngapi. Orodha haimfundishi mtu kusema. Napendekeza kamusi zetu za sayansi zifanye kile ambacho kamusi za lugha hufanya kwa kila kitenzi: zionyeshe neno likiwa kazini. Chini ya "volteji" pawepo sentensi yenye "kati ya". Chini ya "mkondo" pawepo "kupita", na onyo dhidi ya "kuliwa". Chini ya "umeme" paelezwe kwamba neno hili halitoshi katika ripoti ya fundi, ambaye anapaswa kuandika: hakuna mkondo unaopita kwenye taa, volteji kati ya waya wa moto na ardhi imepimwa, nayo ni kadha wa kadha.